Ada ya chama cha wenye viwanda: unanunua nini hasa?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kulipia ada ya chama wakati mashine yako ya kukamua alizeti hapo Kondoa inafanya kazi miezi michache tu kwa mwaka, na wengi hapo juu wamekujibu kwamba vyama vyote ni vya kula hela za watu tu. Mimi nakamua Singida na nimepita kwenye vyama zaidi ya kimoja. Jibu langu: lipa, ila ujue unalipia nini.

Soko hawakupi. Mkopo hawakupi. Kuna chama cha wilaya nilikaa, jina nalihifadhi, nilichoambulia ni fulana na meseji za kunikumbusha ada, halafu kimya mpaka uchaguzi. Nembo ya ubora nayo haihitaji chama. Ukiwa mjasiriamali mdogo unaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanakupa barua ya utambulisho, unaipeleka TBS, shirika la viwango, na gharama za mwanzo serikali inazibeba. Mtu akikwambia "jiunge kwetu tukutolee TBS" kisha akataja bei, shika njia yako. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wana kazi moja inayoeleweka, vyeti vya uasili wa bidhaa (vya kuonyesha imetoka nchi gani), na siku ukipata mteja wa mashudu, yale makapi ya mbegu baada ya kukamua, nje ya nchi utagonga mlango wao.

Ada unailipia kwa jambo ambalo mimi na wewe peke yetu hatuliwezi, nalo ni ushuru wa mafuta yanayotoka nje.

Sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayotumia nchini inaagizwa nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Kwa hiyo bei ya dumu lako haipangwi Kondoa. Inapangwa na mzigo unaoshushwa bandari ya Dar na asilimia anayotozwa mwenye mzigo huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya ushuru, tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35, lakini kila mwaka nchi inaweza kuomba itumie kiwango tofauti kwa bidhaa fulani. Maombi hayo yanapita kwa mawaziri wa fedha wa Jumuiya kabla bajeti hazijasomwa Juni, na Julai mosi yanaanza kutumika. Maana yake alichokipata mkamuaji mwaka huu kinaweza kuyeyuka mwakani bila mtu kubadilisha sheria yoyote kubwa. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi 35, tukapumua. Msimu wa 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka huku kwetu na Dodoma, kelele zote mpaka bungeni zilikuwa juu ya mafuta ya nje. Ni mvutano wa kila mwaka, na bila mtu wa kukaa mezani kila mwaka, umeshindwa kabla ya kuanza.

Sasa hapa ndipo wengi wanapochanganya. Chama kikubwa cha kitaifa, kama CTI, shirikisho la wenye viwanda lililoanzishwa 1991, kinabeba wenye viwanda wa kila aina. Mwenye kiwanda cha Dar anayeagiza mawese ghafi na kuyasafisha ni mwenye kiwanda wa ndani, ana wafanyakazi, analipa kodi. Na wewe pia. Yeye anataka mafuta ghafi yaingie kwa ushuru mdogo na yaliyosafishwa yabanwe. Wewe unataka yote mawili yabanwe. Chama kinachowabeba wote wawili kitasema kwa nguvu lile mnalokubaliana, yaani yaliyosafishwa, na kuhusu ghafi kitamumunya maneno. Siwalaumu, ndivyo chama cha wengi kilivyo. Ndiyo maana wasindikaji wa alizeti wana chama chao, TASUPA, na kwa mtu wa kukamua ningeanzia hapo kabla ya kufikiria kile kikubwa.

Haina maana vyama vikubwa havina kazi. Nyie mlioanza juzi hamkuyakuta mambo ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, na TBS kukagua bidhaa ileile, kila mmoja na tozo zake. Sekta binafsi ililalamikia hilo miaka mingi, na mwaka 2019 usimamizi wa chakula ukahamishiwa TBS. Kwenye jambo ambalo wanachama wote linawaumiza sawasawa, chama kikubwa kina nguvu kweli.

Halafu kuna letu sisi wakamuaji. Chama kinapotuma fomu kuuliza umekamua tani ngapi, mashine imelala miezi mingapi, una vibarua wangapi, umeme umekula kiasi gani, watu hawajazi. Wanaogopa takwimu zao zitafika TRA, watu wa kodi. Matokeo yake mwenyekiti anakwenda Wizara ya Fedha na malalamiko matupu, wakati viwanda vikubwa vinaleta majedwali yaliyoandaliwa na wahasibu. Afisa wa kodi atamsikiliza nani? Mimi najaza, na simu za viongozi wa chama zimeanza kuja zenyewe wakitaka kujua hali ya mbegu huku.

Kabla hujatoa hela waombe nakala ya mapendekezo ya kodi waliyopeleka serikalini mwaka jana. Wakikosa hata karatasi hiyo, hawafanyi kazi unayoilipia. Uliza pia mapendekezo wanakusanya lini. Wakikwambia Mei au Juni, wamechelewa, maana serikali huanza kuyapokea kabla mwaka haujaisha, na Juni wewe mwenyewe utakuwa unahangaika kununua mbegu wakulima wakianza kuvuna.

Hukusema mashudu unamuuzia nani. Kama ni madalali wa pale mlangoni tu, niambie wanakupa bei gani msimu huu tulinganishe.