Kwa Wanaoanza Kusafirisha Ndama Nyanda za Juu Kusini

Ng'ombe mkubwa aliye ndani ya lori hupendelea kusimama, akitanua miguu kila gari linapokata kona. Ndama wa wiki chache hulala mapema, na hulala sehemu kubwa ya safari. Kwa hiyo mtu aliyezoea kupakia madume ya mnadani hukosea tangu kwenye nafasi: ndama wapakiwe kwa idadi inayoweza kulala yote kwa wakati mmoja bila yeyote kukanyagwa. Sakafu itandikwe maranda makavu, tena mengi, na anayepita Mafinga kwenye viwanda vya mbao hana kisingizio.

Wakati wa kupakia, fimbo haisaidii. Ndama aliyetenganishwa na mama yake angali mchanga hajazoea kufuata kundi wala hajui kuikimbia fimbo, hivyo kumchapa humtia hofu tu. Mwekee mkono mmoja kifuani na mwingine nyuma, umwongoze taratibu, na utingo asiruhusiwe kumvuta mkia au masikio. Mwenye kitovu kibichi au anayehara abaki nyumbani, hata kama mnunuzi amekwisha kulipa.

Jambo gumu zaidi ni maziwa. Ndama asiyeachishwa kunyonya hashibi kwa majani, na mara nyingi ndoo ya maji ngeni kwake haigusi. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2005 humruhusu kusafirishwa saa 9, kisha apumzike na kupewa kinywaji kwa muda usiopungua saa 1, ndipo aendelee kwa saa 9 nyingine. Mimi naona hata hizo ni nyingi, na lori linalotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, likisimama mizani ya Makambako na kukuta foleni Kitonga, huzipita saa 9 za mwanzo kwa urahisi. Pangeni mapema mahali pa kunyweshea.

Hali ya hewa nayo hubadilika njiani. Mwezi Julai, alfajiri ya Makete au Njombe, upepo wa gari humpoza haraka ndama aliyelowa, kwa hiyo turubai lizibe mbele na ubavuni. Mkishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, likunjwe, maana joto la huko ni jingine kabisa.

Msihadaike na ukimya. Anayelia bado ana nguvu za kudai maziwa. Wa kukaguliwa kwanza ni aliyenyamaza, masikio yameanguka, macho yamezama na mdomo ni wa baridi.

Kibali cha kusafirisha mifugo hutolewa na afisa mifugo, nanyi mtumieni pia kwa ushauri wa huko mnakokwenda. Ndama aliyekulia kwenye baridi, ambako kupe ni wachache, huenda hana kinga dhidi ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Akifika atengwe mbali na ng'ombe wa huko, aogeshwe dawa ya kupe kwa ratiba ya eneo hilo, na apimwe joto kila siku kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ugonjwa huo hauonekani siku ileile kupe anapouma.