Mwanangu, kuhusu hiyo taarab

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Wauliza, ukiacha nyimbo zako za dansi za Kiingereza ukaingia taarab, mashabiki watakukimbia? Baadhi watakimbia, hilo halina mjadala. Mimi linalonikosesha usingizi ni jingine: nani ana uwezo wa kukuzima kabla hujasikika?

Ivana Spagna, mwimbaji wa Kiitaliano, wamjua; nyimbo zake ndizo zilizokulipia karo. Mzaliwa wa Valeggio sul Mincio, upande wa Verona, yule wa nywele nyeupe zilizosimama wima. Mwaka 1987 "Call Me" yake ilishika namba 2 Uingereza, Kiingereza kitupu. Pale kwenye disko la hoteli Malindi niliipiga kila usiku nikidhani ni Mwingereza, hadi wageni wa Kiitaliano wakanicheka. Nawaambieni siku zote: mwimbaji ni pumzi, mengine mavazi.

Kisha akageuka. Mwaka 1994 aliimba kwa Kiitaliano wimbo wa kufungulia ile katuni ya Simba na Rafiki, The Lion King, iliyomtia wazimu kakako. Februari 1995, keshatimiza miaka 40, akapanda jukwaa la Sanremo, shindano la nyimbo la Italia, na "Gente come noi", wimbo wa taratibu, okestra nyuma yake. Akatoka wa tatu.

Mgeni mmoja akaniletea kaseti, nami nikaiweka Jumamosi, ukumbi umejaa. Vijana wakaganda na bilauri mkononi, hawajui miguu waifanye nini. Wazee wa Kiitaliano meza za nyuma wakaanza kuimba, neno kwa neno, mmoja kafumba macho. Bosi huyo, mbio: "Zima! Watu wamelipa wacheze!" Nikaamriwa kumkata katikati ya neno. Hata leo nikikumbuka meno yanasagana.

Haya, bosi naye alikuwa na lake. Disko ni disko. Na Spagna asingepata masikio ya watu Sanremo kama hakuwa na jina la Kiingereza tayari. Au jina hilo ndilo lililomchelewesha? Mamako ashikilia hivyo. Mimi nasema pumzi ni ileile.

Wataka nikuamulie. Ulimi waniwasha, wallahi, ila mamako kanilisha yamini nisiseme. Basi nitumie hiyo taarab uliyorekodi, hata kama haijakamilika. Na mkataba wako na huyo produsa usome tena: nani kapewa haki ya kuchagua nyimbo?

Babako