Mombo hadi Lushoto: hofia kushuka, si kupanda

Wanaokwenda Lushoto na gari lao kwa mara ya kwanza huniuliza kama gari dogo litaumudu ule mlima. Litaumudu. Ni lami, kama kilomita 33 tu kutoka Mombo unapoiacha barabara kuu ya Arusha, ingawa unapanda kiasi cha mita 1,000. Swali ninalotamani waniulize ni namna ya kushuka.

Kati ya Soni, mji mdogo ulio njiani, na Mombo barabara imebanwa na bonde la mto: mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na kona hujamaliza hii umeshaingia ile. Mgeni hukanyaga breki mfululizo. Breki zikipata moto kupita kiasi mafuta yake huchemka, mvuke hujaa kwenye mabomba, na pedali huzama bila gari kushika. Kabla ya hapo utasikia harufu kali ya kuungua. Usijipe moyo kwamba ni ya lori lililo mbele. Tafuta mahali pana, egesha, weka jiwe kwenye tairi, subiri zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, chuma cha moto hupasuka.

Ingia gia namba mbili mapema, mteremko haujakolea, uiache injini ilizuie gari. Breki iwe ya kugusa na kuachia. Gari la otomatiki nalo lina gia ya chini, L au 2, na kazi yake ndiyo hiyo. Kushuka na nyutro ili kubana mafuta ni kucheza na roho za abiria wako, nalisema hili bila kupepesa macho.

Kwenye kona usiyoona mbele, piga honi na ubaki kushoto kwako. Malori ya kabichi, karoti na viazi vya Usambara hupita hapa, na lori refu likikata kona hula barabara nzima. Anayepanda mpishe, akisimama na mzigo ataondoka kwa taabu.

Masika, Machi hadi Mei, mawe na udongo huporomokea barabarani. Mvua ikinyesha usiku kucha, waulize kwanza madereva wa Kosta pale stendi ya Mombo. Wao ndio wenye habari za asubuhi hiyo.

Mwenye watoto asimame Soni, wanyooshe miguu, waone maporomoko, kichefuchefu kipungue. Na ukitaka kuondoka Lushoto jioni ukakuta ukungu umetanda, lala huko, uteremke kukishapambazuka.