Kabla hujazungusha mkono wa Vandercook

Wanafunzi wapya wakiingia karakana ya taipografia hapa chuoni Marekani, macho huenda moja kwa moja kwenye Vandercook, mashine ya kuchapa kwa herufi zinazopangwa kwa mkono, na mikono hufuata. Ngojeni kidogo. Mashine hizi, zilizoanza kuundwa Chicago mwaka 1909 na kukoma 1976, hazikukusudiwa kuchapa vitabu. Kazi yao ilikuwa kutoa nakala ya majaribio ili msahihishaji aone makosa kabla kurasa hazijapelekwa kwenye mtambo mkubwa. Zilitengenezwa zifichue kila kasoro, na kasoro zenu zitaonekana pia.

Kasoro nyingi ni za kimo, yaani urefu wa herufi kutoka chini hadi uso wake unaopakwa wino. Herufi ya risasi (ile metali, si ya bunduki) ya Marekani au Uingereza ina kimo cha inchi 0.918, yaani kama milimita 23.3. Zipo za Ulaya bara zenye milimita 23.56. Robo ya milimita hiyo inatosha kuharibu ukurasa: zile ndefu zitakandamizwa, zile fupi zitatoka hafifu. Kwa hiyo ukikuta kasha la herufi lisilo na maelezo, uliza kabla ya kuchanganya.

Herufi moja ya mbao ikichapa hafifu kwa uchakavu, ipandishe kwa kipande cha karatasi nyembamba chini yake. Mgeni hukimbilia kuongeza karatasi za kujazia kwenye silinda, lile gogo linalokandamiza karatasi ya kuchapwa juu ya herufi, akaiokoa moja na kuziumiza zote. Karatasi hizo za kujazia silinda zina unene wake kwa jumla, inchi 0.040 kwa modeli nyingi. Pima kwa maikromita, usikisie kwa vidole.

Najua mnapenda chapa iliyozama hadi ukipapasa karatasi unaihisi. Wachapaji wa zamani wangeiita kazi mbovu, nami niko upande wao, angalau pale herufi za risasi zinapohusika, kwa sababu zikishachakaa kupata nyingine ni shida. Ukitaka mzamo, tumia bamba la plastiki lenye maandishi yaliyoinuka badala ya herufi.

Kupanga herufi hujifunzwa kwa kupanga, sitaeleza sana. Mkato ulio ubavuni mwa kila herufi uelekee juu, nawe usome kichwa chini kutoka kushoto kwenda kulia. Jihadhari na b, d, p na q, ambazo zikigeuzwa hufanana. Na ukipanga Kiswahili, chagua aya fupi: makasha haya yalijazwa kwa hesabu ya Kiingereza, e zimejaa tele, lakini a, k na w zitakuishia mapema.

Bana ukurasa wa herufi kwenye kitanda, yaani sehemu bapa ya mashine, kisha gusa herufi kwa kidole. Ikitikisika, fungua uanze upya. Ikichomoka katikati ya mwendo itavunjika pamoja na jirani zake. Hakikisha hakuna kilichovuka mstari uliochorwa kwenye kitanda upande wa kuingizia karatasi. Vishikio vya karatasi hupita hapo, na vikikutana na herufi ni herufi zinazovunjika.

Ukianza kuzungusha, tembea na silinda hadi mwisho bila kusita. Usirudi nyuma katikati: silinda hainyanyuki mpaka ifike mwisho, na kila neno litachapwa mara mbili. Unapotaka kupaka wino tu, hakikisha umeweka wenzo kwenye hali ya kutochapa.

Chai na maandazi viachwe nje, risasi ni sumu. Ukiona unga mweupe juu ya herufi za zamani, usiupulize. Niite. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika simu.