Samaki Anauona Uzi Wako: Jibu kwa Dada wa Fargo

Jumanne usiku nimetoka zamu nikakuta ujumbe wa dada mmoja anayeishi Fargo, kule North Dakota. "Kaka, habari za baridi? Nimenunua sona, ile mashine ya kuonyesha samaki chini ya barafu, kwa pesa ya kununulia ng'ombe. Samaki nawaona kabisa. Wanapanda, wanafika kwenye chambo, wanasimama, halafu wanashuka zao. Hii ni Jumamosi ya nne narudi mikono mitupu. Tatizo ni sona au ni mimi?"

Dada yangu, si sona wala si wewe. Ni uzi. Nakujibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako, na kwa sababu Jumamosi iliyopita, kwenye ziwa Mille Lacs hapa Minnesota, nimepandisha walleye, samaki mla nyama wa maziwa ya huku, wa sentimita 70 kwa uzi wa paundi 4, yaani uzi unaohimili mvuto wa paundi 4 tu kabla ya kukatika. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile jicho lake jeupe likichomoza kwenye tundu nililotoboa kwenye barafu.

Mimi ni mtoto wa Ukerewe. Kwetu mshipi ni nailoni nene, ndoana na chambo, unasikilizia kwa kidole. Sangara akishaamua kula hakuulizi uzi wako una unene gani. Kwa hiyo majira yangu ya baridi ya kwanza hapa nilivua kwa nailoni ya paundi 10, nikiamini uzi mzuri ni ule usiokatika. Miaka miwili nilishinda kwenye barafu nikitazama sona kama anayetazama mpira timu yake ikifungwa. Mstari wa kijani, ndiye samaki huyo, unanyanyuka kutoka chini, unageuka wa njano, unakuwa mwekundu, unasimama kidogo tu chini ya jigi, ile ndoana yenye kichwa cha uzito. Moyo unadunda. Halafu unafifia, unarudi chini, basi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyekuwa tundu la jirani. Hakunihubiria. Aliniambia tu nipandishe jigi mpaka chini kidogo ya barafu, niiname, nichungulie. Nikapiga magoti, nikaziba mwanga kwa kofia. Jigi yangu ya gramu moja ilikuwa inazunguka kama pia! Inazunguka kulia, inasita, inazunguka kushoto. Na uzi juu yake ulikuwa umejikunja mapindi mapindi, kama waya wa simu za zamani. Baridi huikaza nailoni, inabaki na umbo la rili, kile kigurudumu cha kwenye fimbo ilikoviringwa, na jigi nyepesi haina uzito wa kuinyoosha. Hakuna mdudu wa ziwani anayezunguka namna ile. Samaki wa chini ya barafu hana haraka, maji yametulia, anakuja taratibu na kukikagua chakula. Nilikuwa nawaonyesha kitu cha uongo, nao wakaondoka.

Na hapo ndipo sona inapoingia. Mwale wa sona unashuka kama koni. Kihisi, kile kipande cha sona kinachoning'inia tunduni kwa waya, kikiwa na pembe ya nyuzi 12, kwenye kina cha mita 10 kinaona duara la kama mita 2 tu. Uzi mnene hushika maji, jigi inashuka polepole na kupeperushwa pembeni, alama yake inafifia. Wakati huo samaki anapita mita 5 kutoka sakafu ya ziwa, unataka kumfikishia jigi sasa hivi, nayo bado iko njiani. Ukiwa na sona unavua kwa sekunde, dada. Uzi mwembamba hushuka upesi na kunyooka, nawe unaiona jigi yako muda wote.

Nilipojua hayo nikakimbilia upande wa pili. Muuzaji wa duka moja alinishauri uzi wa kusuka, akasema hauvutiki, utasikia hata samaki akipumua. Kweli hauvutiki. Lakini hakuniambia kwamba maji hujificha katikati ya nyuzi zake, na nje kwenye baridi kali maji hayo huganda, vijipete vya fimbo vikajaa shanga za barafu. Siku hiyo nikanasa samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kugusa. Nikasahau kukitoa kihisi tunduni. Samaki akazunguka, uzi ukajisokota kwenye waya wa sona, ukakwaruza ukingo wa barafu, tap, umekatika. Mwenzangu wa kazini alikuwa pembeni. Alicheka mpaka akakaa chini, na Jumatatu kila mtu kazini alikuwa na habari. Imepita miaka minne. Sijasahau, na sitajifanya nimesahau.

Sasa natumia florokaboni, uzi wa plastiki usio nailoni, ya paundi 4 kuanzia kwenye rili mpaka kwenye jigi ninapovua nje. Ni nzito kuliko maji kwa hiyo inazama yenyewe, hainywi maji kama nailoni, na mwanga unapita ndani yake karibu kama unavyopita majini, ndiyo maana samaki anapata shida kuiona. Nikiwa ndani ya kibanda chenye jiko, uzi mwembamba wa kusuka unafaa, lakini mbele yake lazima nifunge florokaboni kama mita moja, na katikati kipete kidogo kinachozunguka ili kiue ule msokoto. Kwa perch na crappie, samaki wadogo wa huku, nashuka mpaka paundi 2 au 3.

Ndugu zangu, acheni kununua uzi kwa kusoma paundi peke yake. Nasema tena, acheni. Tunatoka mbali, tunafanya zamu mbili, tunatoa pesa nyingi kwa mashine, halafu tunafunga uzi uliokaa kwenye rili misimu mitatu kwa sababu "bado ni mzima". Sio mzima! Badilisha kila msimu. Uzi mwembamba hauhitaji nguvu, unahitaji adabu: legeza breki ya rili, mwache akimbie, usishindane naye. Yule wa Jumamosi alinichukua dakika kumi na mbili. Nilikitoa kihisi tunduni mara tu fimbo ilipopinda, nikavua glavu, nikamwongoza kwa vidole kama nilivyofundishwa na baba mdogo kule kwetu. Alikuwa jike, tumbo limejaa mayai. Nikampima, nikamrudisha.

Dada, msimu wa walleye kwetu Minnesota unafungwa mwishoni mwa Februari, kwa hiyo ukitaka kuvuka kuja kuvua huku, usichelewe. Na fundo lako lifunge nyumbani penye joto. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, ulikaze polepole, maana florokaboni ikikazwa kavu inajichoma yenyewe na kukatikia hapohapo. Kisha niandikie Jumapili.