Re: Wiki mbili za fluoksetini sioni nafuu, niache?

Usiache ndugu yangu wa Ujiji, pole sana. Wiki mbili bado mapema mno, fluoksetini ni dawa ya sonona na OCD, sio panadol, kwa sonona watu wengi huanza kuona nafuu wiki ya 4 mpaka 6 ila OCD (ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudiarudia, kama huo wako wa kucheki kufuli) inaweza kwenda hadi wiki 12 na mara nyingi daktari anapandisha dozi, yeye lakini sio wewe. Mwanzoni wasiwasi unaweza hata kuzidi, na ukipata mawazo ya kujidhuru usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali ya Maweni siku hiyohiyo.

Hilo ulilosema la kurudi mlangoni kucheki kufuli usiku kucha, muulize daktari tiba ya kukabili hofu kidogo kidogo, yaani unafunga mara moja unaenda kulala, moyo unadunda, uache udunde, utashuka wenyewe. Na mama asikujibu kila ukimuuliza "nimefunga?", najua anakuonea huruma jamani ila kila akikujibu ugonjwa unashiba. Akisema umerogwa usigombane naye, dua ziendelee na vidonge viendelee. Vikikaribia kuisha wahi kufuata vingine, kukatiza ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi upya.