Kompyuta haijakariri gemu zote za chesi
Mkuu umeuliza kama kompyuta inashinda chesi kwa sababu imekariri gemu zote. Hapana, haiwezekani, kila upande ukicheza mara 3 tu tayari kuna mifuatano zaidi ya milioni 119. Inachofanya ni kupiga hesabu mbele, ni kama inajiuliza nikila hii farasi mpinzani atajibu nini, alafu mimi nacheza nini, ikifika mwisho wa kila njia inatoa maksi nani yuko vizuri, na njia ikionekana ya hovyo, mfano unatoa malkia bure, inaikata hapohapo haipotezi muda nayo. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyompiga bingwa wa dunia Kasparov 1997, ilikua inakagua kama nafasi (yani kete zilivyokaa ubaoni) milioni 200 kwa sekunde, nguvu tupu yaani. Mimi iliyonishangaza ni AlphaZero, programu ya DeepMind ya 2017, ilipewa sheria tu ikajicheza yenyewe mamilioni ya gemu mpaka ikajua njia zipi zina maana, ilikua inakagua kama nafasi elfu 80 tu kwa sekunde na bado ikaichapa Stockfish, programu kali ya chesi! Drafti ndo kompyuta ilishaimaliza kabisa 2007, yani matokeo yake yanajulikana (ile ya Kiingereza, kingi haruki mbali), wote wakicheza bila kosa ni sare. Chesi bado sana